Maswali ya Wasomaji: Kujitambua na Kiu ya Kukubalika

Barua za mwezi huu zimekuja kana kwamba waandishi wake walishauriana, kwa maana karibu zote zinagusa jambo moja: namna tunavyojiona, na namna tunavyodhani tunaonekana. Nimechagua nne. Majina nimeyaondoa, pamoja na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu.

Barua ya kwanza

Mshauri wetu, salamu nyingi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mhasibu kwa taaluma. Tangu nikiwa shuleni walimu wangu walikuwa wakisema kwamba ninajitambua kuliko umri wangu, na kwa miaka mingi niliipokea kauli hiyo kama sifa. Siku hizi sina hakika. Ninapozungumza kikaoni huwa naisikiliza sauti yangu mwenyewe, najiona nilivyokaa, mikono yangu ilipo na uso wangu ulivyo, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyejibanza juu ya dari akinitazama. Wiki mbili zilizopita nilisoma taarifa ya fedha mbele ya watu kumi na mmoja, nikasema “Machi” mahali pa “Mei”. Hakuna aliyenisahihisha. Usiku huo ilifika saa nane sijapata hata lepe la usingizi; nilikuwa nikilirudia neno lile na kuzikumbuka sura za waliokuwapo, mmoja baada ya mwingine. Je, huku ndiko kujitambua? Na kama ndiko, mbona kunaniumiza hivi?

Jibu

Dada yangu, neno “kujitambua” limepewa heshima kubwa kiasi kwamba si rahisi mtu kulitilia shaka, nami nakushukuru kwa kuthubutu. Nianze na jibu lenyewe: unachokifanya kikaoni si kujitambua, bali ni kujitazama kwa macho ya watu uliowabuni mwenyewe. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana sana, na ndiyo sababu walimu wako waliyachanganya.

Mwaka 1975 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Allan Fenigstein, Michael Scheier na Arnold Buss, walitunga hojaji iliyoonyesha kwamba tabia ya mtu kujiangalia ina sura zaidi ya moja. Yuko anayeyaangalia yaliyomo ndani yake: anahisi nini, anataka nini, kwa nini amekasirika ilhali jambo lenyewe ni dogo. Na yuko anayejiangalia kama kitu kinachotazamwa na wengine: ameongeaje, amekaaje, amechukuliwaje. Mtu mmoja anaweza kuwa na tabia zote mbili, au moja tu, na kuwa na hii hakumhakikishii ile. Rudia sasa kuisoma barua yako. Umenieleza mikono yako, uso wako, sauti yako na sura za watu kumi na mmoja. Hujaniambia hata mara moja ulikuwa unahisi nini juu ya taarifa uliyoisoma, wala kama wewe mwenyewe uliiridhia. Hapo ndipo ninapoona tatizo lilipo.

Usijilaumu, kwa sababu mizizi ya jambo hili ni ya tangu utotoni. Mwaka 1972 mtafiti Beulah Amsterdam alichapisha jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Mtoto mchanga hupakwa doa la rangi nyekundu puani bila yeye kujua, kisha huwekwa mbele ya kioo. Aliye na umri wa mwaka mmoja humchekea yule anayemwona kiooni, au hutaka kumshika, kama anavyofanya kwa mtoto mwenzake. Lakini kati ya miezi 18 na 24 wengi huupeleka mkono kwenye pua zao wenyewe, maana wamekwisha kujua kwamba yule wa kiooni ni wao. Baadaye, mwaka 1989, Michael Lewis na wenzake walionyesha jambo linaloigusa barua yako moja kwa moja: watoto waliojitambua kiooni ndio hasa walioonekana kuona haya waliposifiwa kupita kiasi au walipoombwa wacheze ngoma mbele ya watu. Kwa wasiojitambua bado, haya hiyo ilionekana kwa nadra zaidi. Haya na kujitambua, basi, huja pamoja katika maisha ya mtu, na si ajabu kwamba kwa watu wazima wengi havijawahi kutenganishwa.

Sasa tufike kwenye zile sura kumi na moja. Mwanasosholojia Charles Horton Cooley aliandika mwaka 1902 kwamba watu wengine ni kioo ambamo mtu hujiona, na akaeleza hatua tatu: tunawaza jinsi tunavyoonekana kwa mwenzetu, tunawaza jinsi anavyotuhukumu kwa alichokiona, kisha ndani yetu inazuka fahari au fedheha. Zingatia kitenzi chake. Cooley hakusema kwamba tunaambiwa, alisema tunawaza. Hatua zote tatu zinaweza kukamilika usiku kitandani bila mtu mwingine yeyote kufungua kinywa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwako.

Je, tunawaza sawasawa? Mara nyingi hatuwazi sawasawa, na kosa letu lina mwelekeo unaojulikana. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa chuo asingependa aonekane nayo, wakamwingiza katika chumba ambamo wenzake walikuwa wamekwisha kukaa. Walipomuuliza ni wangapi walioitambua picha ile, waliopitia jaribio hilo walikadiria kwa wastani kwamba ni takriban nusu ya waliokuwamo. Walioitambua kweli hawakufika hata robo. Na ile ilikuwa picha iliyojaa kifuani, dada yangu, si mwezi mmoja uliotajwa mahali pa mwingine katikati ya taarifa ya fedha.

Kuna mzunguko mbaya zaidi, ambao David Clark na Adrian Wells wa Uingereza waliueleza mwaka 1995 walipokuwa wakichunguza watu wenye hofu kali ya kijamii. Mtu mwenye hofu hiyo akifika mbele ya watu huuondoa umakini wake kwao na kuugeuzia ndani, kisha anavyojisikia anavichukua kuwa ushahidi wa anavyoonekana. Moyo ukimdunda, anaamini chumba kizima kinausikia. Na kwa kuwa hawatazami watu, hapati nafasi ya kuona kwamba wamekwisha kugeukia ukurasa unaofuata. Ndiyo maana nathubutu kukuambia kwamba zile sura ulizozikumbuka hukuziona kikaoni. Ulizichora usiku ule ule.

Nitakupa kazi mbili. Kikao kijacho, kabla hujaanza kusoma, jipe jukumu la kuangalia jambo moja lililo nje yako: nani anaandika, nani amekunja uso alipofika kwenye safu ya madeni, nani anataka kuuliza lakini anasita. Umakini hauwezi kuwa darini na mezani kwa wakati mmoja. Kazi ya pili itakutaka ushujaa kidogo. Andika kwenye karatasi idadi ya watu unaoamini walilisikia kosa la “Machi”, kisha umwendee mwenzako mmoja unayemwamini, umuulize kama analikumbuka. Usimuulize kwa kujidharau. Uliza kama unavyouliza tarehe. Kisha ulinganishe jibu lake na karatasi yako.

Kuhusu usiku: Paul Trapnell na Jennifer Campbell, mwaka 1999, walitenganisha kujifikiria kunakotokana na udadisi na kujifikiria kunakotokana na hofu. Kwa Kiswahili naona tuseme kutafakari na kutafuna. Anayetafakari hufika mahali ambapo hakuwapo mwanzo. Anayetafuna hulirudia lile lile mpaka taya zinachoka. Ukijikuta umelirudia neno mara ya tatu bila kupata jambo jipya, inuka ukae, uandike sentensi moja ya nini utafanya kesho, uzime taa. Na kama umeanza kukwepa vikao, au hofu imekuwa ya kukutetemesha na kukutoa jasho, tafadhali muone mtaalamu wa afya ya akili. Hofu ya aina hiyo ina tiba inayojulikana, na wengi wamepona.

Barua ya pili

Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 24. Baba yangu amenilea kwa kauli moja: mwanamume hajali watu wanasema nini. Miezi mitatu iliyopita marafiki zangu wanne niliosoma nao walifungua kundi jipya la mazungumzo kwenye simu wakaniacha nje. Niligundua kwa bahati tu. Mmoja wao alikuwa akinionyesha picha, ukaja ujumbe, nikaona jina la kundi juu ya kioo cha simu na nyuso zao zote nne. Sikusema kitu. Tangu siku hiyo najiambia kwamba sijali, lakini simu yangu ikilia tu naidaka upesi kuliko zamani. Je, kutaka kukubaliwa na watu ni udhaifu? Na nifanye nini ili niache kabisa kujali?

Jibu

Marahaba, kijana wangu, na pole sana. Hilo la nyuso nne juu ya kioo cha simu limeniuma hata mimi ninayelisoma kwa mbali.

Sitakufundisha kuacha kabisa kujali, kwa sababu siamini kwamba jambo hilo linawezekana kwa binadamu mwenye afya njema. Mwaka 2003 Mark Leary na wenzake waliwachukua watu waliodai kwa dhati kwamba kukubaliwa au kukataliwa na wengine hakuwagusi, wakawalinganisha na waliokiri kwamba kunawagusa. Kisha wote wakapewa taarifa za kukubaliwa au kukataliwa. Hali ya kujithamini ya makundi yote mawili ilipanda na kushuka vile vile. Waliosema hawajali walijali; tofauti ilikuwa katika usemi tu. Simkosoi mzee wako, na naamini alitaka kukukinga na maumivu aliyoyajua yeye mwenyewe. Lakini kinga aliyokupa inakuzuia kusema kwamba umeumia, haikuzuii kuumia.

Leary huyo huyo anakufananisha kujithamini na geji ya mafuta. Geji haiendeshi gari. Kazi yake ni kumwonya dereva kabla tangi halijakauka. Kwa maoni yake, ile hali ya kujiona duni inayotuvamia tukitengwa ni mshale unaoshuka, ukitutaarifu kwamba nafasi yetu miongoni mwa watu imeingia hatarini. Sababu yake haiko mbali. Mtoto wa binadamu huzaliwa hawezi hata kukaza shingo yake, na kwa muda wote wa historia yetu aliyeachwa nyuma na kundi hakudumu. Anayekuambia uache kujali anakuambia uzibe geji kwa kitambaa.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi mshale huo ulivyo mwepesi. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa amepumzika bustanini pamoja na mbwa wake wakati kisahani cha kuchezea cha watu wawili asiowajua kilipomwangukia. Akawarudishia, nao wakamrushia tena, wakacheza watatu kwa muda mfupi. Kisha, bila neno, wale wawili wakaendelea peke yao. Alishangaa jinsi alivyoumia. Akalifanya tukio hilo kuwa mchezo wa kompyuta, ambamo mshiriki hurushiana mpira na wachezaji wengine wawili mpaka wanapoacha kumrushia. Dakika chache tu zinatosha kumshusha mtu hali yake. Mwaka 2004 Williams na wenzake waligundua kwamba watu waliumia hata walipoambiwa kwamba wanaowatenga si watu bali ni kompyuta. Ikiwa kompyuta inaweza kumfanyia mtu hivyo, marafiki wanne wa miaka mingi watakosaje kukufanyia?

Kwa hiyo, si udhaifu. Lakini ipo hatari, na hapa ninakuomba uwe makini. Hitaji hili likiachwa bila kusemwa linaweza kumfanya mtu akane hata anachokiona kwa macho yake. Katika majaribio maarufu ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, mtu aliulizwa ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na ule aliopewa, jambo ambalo akiwa peke yake karibu asingekosea kamwe. Walipotangulia wenzake, ambao kwa siri walikuwa wamepangwa na mtafiti, wakatoa jibu lisilo sahihi kwa sauti moja, washiriki walifuata kosa hilo katika takriban theluthi moja ya majibu yao. Wengi huishia hapo wanaposimulia kazi ya Asch, na mimi naona wanaacha sehemu iliyo bora. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kumuunga mkono mshiriki, makosa yalishuka hadi karibu robo ya yalivyokuwa. Hakuhitajika umati mwingine wa kuupinga umati wa kwanza. Mmoja alitosha.

Hilo linakubaliana na walichokiandika Roy Baumeister na Leary mwaka 1995 katika makala yao juu ya hitaji la mtu kuwa na watu wake. Walisema binadamu anahitaji kukutana mara kwa mara na kwa furaha na watu wachache, katika uhusiano unaodumu ambamo kila mmoja anamjali mwenzake. Soma tena: wachache. Huhitaji kurudishwa katika kundi la wanne. Nenda kwa yule aliyekuonyesha picha, maana yeye angalau alikaa kando yako siku ile. Mwambie: “Niliona kundi lenu. Liliniuma. Nataka kujua kama kuna jambo nililowakosea.” Sentensi tatu, kisha unyamaze, umpe nafasi. Anaweza kuwa na sababu ambayo hujaiwaza, kwa mfano kwamba kundi lilianzishwa kwa shughuli moja likaendelea lenyewe. Anaweza pia kukukwepa. Katika hali hiyo utakuwa umelipata jibu kutoka kinywani mwake badala ya kulisubiri kila simu inapolia, na muda uliokuwa ukiutumia kwa wanne utaweza kuupeleka kwa mwingine anayefurahi ukifika.

Barua ya tatu

Ndugu Mshauri, binti yangu ana miaka 14. Juzi amekataa kwenda shule kwa sababu ya chunusi moja kidevuni. Nilimwambia hakuna anayekiangalia kidevu chake, akalia zaidi. Nimekosea wapi?

Jibu

Mama, ulichomwambia ni kweli, ila kwa umri wake hakiaminiki. Mwaka 1967 David Elkind alieleza kwamba kijana anapoanza kuwa na uwezo wa kuyawazia mawazo ya wengine, hukosea kwa kudhani kwamba mawazo hayo yanashughulika na jambo lile lile linalomshughulisha yeye. Anaishi kana kwamba yuko jukwaani mbele ya hadhira isiyoondoka. Binti yako anakiona kidevu chake saa zote, basi anaona ni lazima wote wakione. Akili yake imepata uwezo mpya, na bado anajifunza kuutumia.

Ukimwambia “hakuna anayekuangalia”, anachosikia ni kwamba hata mama yake hamwelewi, na hadhira inaongezeka mtu mmoja. Kaa naye umuulize ni nani hasa anayemwogopa, na anadhani atasema nini. Mara nyingi umati hupungua ukawa msichana mmoja na sentensi moja, na hilo mnaweza kulipangia jibu. Usimcheke hata kidogo, na usiruhusu ndugu zake wamcheke. Angalia pia muda anaoutumia akijitazama kwenye kamera ya simu, kwa sababu anapokuza picha ya chunusi mpaka ikajaa kioo kizima, anaanza kuamini kwamba huo ndio ukubwa wake.

Barua ya nne

Mshauri, nina miaka 51 na ninasimamia watu kumi na wanne kazini. Sina shida ya kuogopa macho ya watu, ninajijua vizuri. Lakini mke wangu ameniambia kwamba huwa ninamkatiza mtu kabla hajamaliza kusema, na wafanyakazi wenzangu wawili, kwa nyakati tofauti, wameniambia jambo lile lile. Mimi sioni. Je, kuna mtu anayeweza kunijua kuliko ninavyojijua?

Jibu

Ndugu yangu, katika mambo fulani yupo. Mwaka 2010 Simine Vazire alilinganisha watu wanavyojieleza na wanavyoelezwa na marafiki zao na hata wageni, kisha akavipima vyote kwa jinsi walivyotenda. Kwa yale yaliyofichika ndani, kama wasiwasi, mwenye nafsi alijijua zaidi. Kwa sifa ambazo mtu ana hamu ya kujiona nazo, kama vile akili na ubunifu, marafiki walikuwa mahakimu bora kuliko yeye mwenyewe. Joseph Luft na Harrington Ingham walikuwa wamekwisha kulichora jambo hili mwaka 1955 kama dirisha la vioo vinne, na kimojawapo ni kile ambacho wengine wanakiona nawe hukioni. Wahenga wetu walilisema bila mchoro: nyani haoni kundule.

Watu watatu wasioshauriana wamekutajia kitendo kimoja kinachoonekana kwa macho. Huo ni ushahidi mzito kuliko hisia yako ya kujijua, na ninakusihi uuheshimu. Dada yetu wa barua ya kwanza amelemewa na macho ya watu ambao hawakumtazama. Wewe unayapuuza macho ya watu wanaokutazama kila siku, tena yamkini kwa upendo, kwani si rahisi kwa mfanyakazi kumwambia msimamizi wake neno kama hilo.

Usimuulize mkeo kama ni kweli kwamba una tabia hiyo, kwa sababu swali la namna hiyo huzaa mabishano. Mpe karatasi na kalamu, umwombe kwa wiki moja aweke alama kila unapomkatiza, bila kukuambia wakati huo. Jioni ya siku ya saba mkae pamoja, akuonyeshe. Usianze kueleza kwamba alama hii ilikuwa na sababu gani na ile ilitokea siku uliyochoka. Muulize ni ipi iliyomuuma zaidi, kisha msikilize mpaka amalize.